Kuku wa Mnara wa Wezi

Jumatatu, 26 Agosti

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa Marktlauben na vitongoji vyake kwamba leo, saa nne na robo asubuhi, ufunguo wa Mnara wa Wezi umevalishwa kamba mpya. Kamba ya zamani, nyekundu, ilitumikia mji miaka kumi na tisa bila likizo. Imestaafu kwa heshima ndani ya pipa la taka. Hotuba hazikutolewa. Waliohudhuria ni mimi na kiatu kimoja cha Bi Kreszenz wa posta, kinachosubiri kisigino.

Kamba mpya ni ya kijani, ya kiatu cha kupandia milima. Fundi viatu akikosa kamba, nani atakuwa nayo?

Saa tano wakaja Waholanzi wawili, mume na mke, warefu kama nguzo za umeme. Wakaacha vitambulisho vyao kaunta kama ilivyo desturi, wakapewa ufunguo, wakapewa na hadithi. Hadithi hailipiwi, inakuja na ufunguo. Nikawaambia: mkifika juu kabisa, kwenye seli, tazameni kushoto mwa dirisha, chini kidogo. Kuna kuku amechorwa ukutani kwa msumari. Aliyemchora ni Lienhard Mwizi wa Kuku, aliyefungwa kipindi kizima cha baridi kwa kuiba jogoo wa padri. Kila siku aliyokosa nyama, alimwongezea kuku wake unyoya mmoja.

Baada ya saa nzima wakarudi, wanahema, mashavu mekundu.

"Tumemwona!" mke akasema. "Mzuri ajabu. Hasa mkia."

Hasa mkia! Kuku huyo nilimtunga mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, siku ya mvua, ili kumchangamsha bibi mmoja wa Bremen. Lienhard nilimtunga. Jogoo wa padri nilimtunga. Tangu hapo wamepanda watu elfu kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyerudi akasema hakumwona. Wengine humsifu macho.

Mimi sijui kama ana macho. Huko juu sijawahi kufika.

Jumanne, 27 Agosti

Barua kutoka baraza la mji. Karatasi nene — dalili mbaya.

Watu wa bima wamegundua kwamba mnara una ngazi. Miaka mia sita imesimama pale, wao wameiona mwezi huu. Kwa hiyo, kuanzia Jumapili tarehe 8 Septemba, Siku ya Majengo ya Kale, hakuna mgeni atakayepanda peke yake. Mshika ufunguo atapanda naye na kushuka naye. Kundi la kwanza litakuwa la Bi Meya mwenyewe. Na mwishoni, kwa upole wa kuogopesha: "Tunafahamu hali ya goti lako, Bwana Zeitler. Likikukatalia, Bwana Volkmar Dörr wa duka la mikate yuko tayari kupokea ufunguo, nasi tutaishukuru familia yako kwa utumishi wake."

Humu hakuna asomaye ila mimi, basi nilitaje goti kwa jina lake la kweli: woga. Goti langu ni zima. Lingeweza kucheza mpira. Kinachoniuma kiko juu zaidi, hapa katikati ya mbavu, na huanza kupiga ngoma nikikanyaga kidato cha sita cha ile ngazi. Sakafu za chini za mnara ziliungua zamani, hazikujengwa tena. Ngazi ya mbao imekumbatia ukuta tu, inapanda ikizunguka, vidato themanini na vinne, na katikati ni utupu. Utupu mtupu! Najua kwa sababu wageni wote hunisimulia, na wakisimulia mimi hushika kaunta.

Lakini bila ufunguo mimi ni nani? Fundi viatu, miaka hamsini na sita, katika mji ambao watu wananunua viatu vipya kwa simu. Kuna siku mlango haufunguliwi ila na mtu wa ufunguo. Nao hukaa, hunywa kahawa, husimulia habari za kwao. Baba aliushika miaka thelathini na moja, na kila siku ya Mungu alipanda nao. Mimi nilirithi ufunguo, duka, cherehani ya ngozi na masikio makubwa. Masikio wangechukua, nisingelalamika.

Jioni nikaenda kununua mkate. Volkmar hakuweza kunitazama usoni. Tumesoma darasa moja.

"Ottmar bwana, usininunie. Sikuomba mimi. Waliniuliza kama magoti yangu ni mazima, nikasema mazima."

"Ungejibu hata kichwa ni kizima."

"Hilo hawakuuliza. Wananijua."

Akanifungia biskuti mbili bure, zile za umbo la kuku. Amezioka miaka tisa sasa, anaziita Kuku wa Lienhard. Ndizo zilizomnunulia tanuri jipya. Sijawahi kumwambia kitu, na leo haikuwa siku ya kuanza.

Jumatano, 28 Agosti

Dada yangu Roswitha amepiga simu kutoka Würzburg. Habari za barua zimeshamfikia — kwa njia gani, Mungu anajua. Anatuma dawa ya kuchua ya farasi. "Ya farasi, kaka, siyo ya watu! Farasi wa jirani yangu alikuwa hasimami, sasa wanamfunga kwa minyororo." Nikamshukuru kwa sauti ya mgonjwa.

Alhamisi, 29 Agosti

Balaa.

Saa tatu aliingia Bi Gundula Pfister, mkutubi wetu mpya, aliyehamia hapa kutoka Lübeck wakati wa masika. Mwanamke wa umri wangu, mjane, nywele fupi za mvi, viatu safi. Viatu safi hunilegeza, siwezi kujizuia. Kila akipita dirishani huwa nagundua kwamba kaunta inahitaji kufutwa. Nikampa ufunguo na hadithi, nikaongeza chumvi: unyoya wa mwisho, nikasema, Lienhard aliuchora asubuhi ya kuachiwa kwake, mkono unatetemeka.

Alirudi saa sita. Akauweka ufunguo kaunta, taratibu.

"Bwana Zeitler, nimemtafuta kuku dakika ishirini."

"Ah! Mwanga wa asubuhi..."

"Nilikuwa na tochi. Nilipiga magoti. Kuna msalaba. Kuna herufi tatu. Kuna kitu ambacho mwanamke mwenye heshima zake hakitaji, na kimechorwa vizuri sana. Kuku hayupo."

Miaka kumi na moja nimeingoja sentensi hiyo, nayo ikanikuta mdomo umejaa biskuti ya kuku.

"Mara ya mwisho ulipanda lini?" akauliza.

"Unajua, goti langu..."

"Goti lipi?"

"La kushoto."

"Ulipokwenda kunichukulia ufunguo ulichechemea la kulia."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kaunta. Nikangoja acheke, au akasirike, au atoke aende moja kwa moja kwa Bi Meya. Akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Mimi naogopa mbwa," akasema. "Hata wale wa kubebwa kwenye kikapu. Hapo Lübeck nilikuwa nazunguka mtaa mzima kumkwepa mmoja mwenye utepe kichwani. Haya, tumekuwa sawa. Sasa niambie."

Nikamwambia. Woga, barua, tarehe 8, Baba, kila kitu. Kisigino cha Bi Kreszenz hakijaguswa mpaka sasa.

Ijumaa, 30 Agosti

Volkmar amebandika tangazo dirishani kwake: "Siku ya Majengo ya Kale! Kuku wa Lienhard mia tatu, motomoto kutoka tanurini!" Amechora na mshale unaoelekea mnarani.

Mia tatu.

Jumapili, 1 Septemba

Saa nne, mji mzima uko kanisani. Ndiyo maana tulichagua saa nne. Mungu atanisamehe, Bi Kreszenz hatanisamehe.

Nilifungua mlango wa mnara mwenyewe. Kunanuka mawe yaliyolowa na njiwa. Bi Gundula akasimama kidato cha pili, juu yangu, uso kwangu.

"Kanuni ni moja," akasema. "Kila kidato, jambo moja la kweli. Kuku haruhusiwi."

"La kweli kuhusu nini?"

"Kuhusu wewe. Umesema uongo mwingi kuhusu huko juu, sasa tutaona kama ukweli unapanda."

Kidato cha kwanza: navaa kiatu namba arobaini na sita na huwa nasema arobaini na nne. Cha pili: mkate wa Volkmar wa ngano nyeusi siupendi, nimeununua miaka thelathini. Cha tatu: niliwahi kubandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia cha padri, naye akadhani ni uzee. Akacheka, nami nikajikuta cha nne. Cha tano: napaka nywele rangi.

"Hilo nililijua. Halihesabiki. Toa jingine."

Cha sita — ngoma ikaanza mbavuni. Nikatoa ukweli bila kufikiri: "Nataka kwenda nyumbani." Akasema huo ni ukweli halali, panda. Tukafika kumi na mbili. Kisha nikatazama chini. Nilishuka kwa makalio, kidato kwa kidato, kama mtoto anayejifunza ngazi. Yeye akatazama ukuta kwa adabu kubwa, kana kwamba kuna kuku.

Jumanne, 3 Septemba

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufungua duka. Ishirini na tano! Ukweli mwepesi nimeshaumaliza. Cha ishirini na tatu nilikiri kwamba kila akipita dirishani kwangu huwa nafuta kaunta. Akauliza kwa nini. Nikasema hicho ni kidato kingine. Akasema basi panda. Nikabadilisha mazungumzo, nikatoa habari za kodi ya duka.

Dawa ya farasi imefika. Inanuka vibaya mpaka njiwa wamehama dirishani.

Jumatano, 4 Septemba

Mvua. Kumi na nane tu. Mbao zilikuwa zinalia chini ya mguu na mimi nilikuwa nazijibu.

Alhamisi, 5 Septemba

Thelathini na nane, halafu nikakaa.

Hapo ndipo nilipokaa mara ya kwanza, au karibu na hapo. Nikamsimulia, kwa kuwa ukweli mwingine ulikuwa umeisha. Nilikuwa darasa la tatu, miaka tisa. Mwalimu alileta darasa zima, na Baba ndiye aliyetuongoza, mimi nimevimba kwa majivuno — mnara wa baba yangu! Nikawasukuma wenzangu niwe wa kwanza nyuma yake. Hapa katikati nikatazama chini mara moja. Miguu ikakataa. Nikakaa, na suruali ikalowa, na nyuma yangu watoto ishirini na sita wakaanza kuuliza kwa nini hatuendi.

Baba akageuka. Aliona suruali. Akanibeba mgongoni haraka, koti lake juu yangu, na alipokuwa anaupitia ule msururu wote kushuka, akaninong'oneza: "Tuseme ni goti." Kisha kwa sauti: "Tupisheni, goti lake limeteguka!"

Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa. Alinipa zawadi nami nimeibeba miaka arobaini na saba. Kila Krismasi mtu ananiletea soksi ya goti.

"Sijui nimshukuru au nimlaumu," nikamwambia Bi Gundula.

Alikuwa amekaa kidato cha juu yangu, mikono magotini.

"Vyote viwili," akasema. "Yeye alisema goti kwa siku ile. Hakusema kwa maisha."

Hatukupanda zaidi. Nilishuka kwa miguu yangu, lakini nimeshika ukuta kama mtu anayeagana na ndugu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mchana Volkmar amekuja na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi. Akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nipe ufunguo leo," akasema. "Sio kwa ubaya. Nitawaambia goti limezidi usiku huu. Kesho wewe unakaa kwenye kiti hapo chini, unasimulia habari za Lienhard, mimi nawapandisha. Ufunguo utalala kwangu lakini watu utaendelea kuwapata wewe. Nitawatuma hapa. Naapa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa wa pili nyuma yako, ndugu yangu. Darasa la tatu. Niliona suruali."

Nilibaki na nyundo mkononi. Miaka arobaini na saba! Mtu huyu amenitania kwa kila kitu nilichopewa na Mungu: masikio yangu, ndoa yangu iliyodumu miezi kumi na minne, gari langu. Hilo moja hakuligusa.

"Na wewe uliwahi kurudi juu?" nikamuuliza.

Akajikuna, unga ukadondoka. "Mimi? Kufanya nini? Mnara si ninauona kila siku kutoka dukani."

Nikamwambia nitapanda mwenyewe. Nikamwambia pia ukweli wa kuku, kwa kuwa haki ni haki. Akatoka. Akarudi, akachungulia mlangoni.

"Unga nimeshakanda wa mia tatu, Ottmar. Kama unaona lazima useme ukweli, uuseme baada ya saa tisa."

Jumapili, 8 Septemba. Saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Juu.

Gazeti litaandika — mwandishi wao alikuwepo, ameshaondoka — kwamba mshika ufunguo Ottmar Zeitler "amebaki kwenye seli kwa muda ili kuwapa wageni picha ya maisha ya mfungwa." Bi Meya ndiye aliyemwambia hivyo, na nilimshukuru kwa kichwa, kwa sababu mdomo ulikuwa umekauka. Hapa nitaandika lililotokea kweli. Daftari hili lilikuwa kwenye mfuko wa koti, na kalamu ni ya Bi Gundula.

Saa nane nilisimama mlangoni na watu kumi na watatu. Bi Meya amevaa mkufu wake wa kazi. Bi Kreszenz amevaa kisigino kipya. Volkmar wa mwisho, mikono mitupu, uso wa mtu anayekwenda kumzika tajiri asiyemwachia urithi. Bi Gundula nyuma yangu tu. Mimi mbele. Hilo sikuwa nimelipima: anayeongoza hawezi kurudi. Ngazi ni ya mtu mmoja mmoja. Nikisimama, mji unasimama.

Nikapanda. Bi Gundula alikuwa ananinong'oneza namba, na mimi nilikuwa nanong'ona ukweli wangu kwa ukuta. Cha arobaini nikasimama. Ngoma mbavuni. Nyuma yangu msururu ukagongana kama mabehewa.

"Kuna nini huko?" Bi Kreszenz akaita kutoka chini. "Goti?"

Sababu ilikuwa imewekwa tayari, kama kiti. Ningekalia tu. Watu kumi na watatu wangesema pole, wangeshuka, na kesho ufunguo ungelala kwenye mikate.

"Siyo goti," nikasema. "Goti ni zima. Ninaogopa. Nimeogopa tangu darasa la tatu. Nipeni dakika moja."

Njiwa wakapiga mbawa. Kisha sauti ya Bi Meya: "Bwana Zeitler, chukua mbili. Hata mimi nimefumba macho tangu kidato cha kumi." Na mtu akacheka, na mwingine akasema kweli, kumbe ni juu hivi. Tukaulizana, pale pale tumeshika ukuta, nani amewahi kufika juu. Waliozaliwa mji huu walikuwa tisa. Aliyefika: hakuna! Kila mmoja alipanda na darasa la tatu siku moja, na kila darasa lilirudi katikati kwa sababu moja au nyingine. Aliyefika juu ni Bi Gundula peke yake, mgeni, miezi mitano hapa.

Vidato arobaini na vinne vilivyobaki sivikumbuki. Nakumbuka ncha za viatu vyangu mwenyewe, na mkono mmoja mgongoni ambao haukusukuma.

Seli ni ndogo kuliko duka langu. Tulijazana kama mikate. Na bila kuambiwa, watu wote wakageuka kushoto mwa dirisha, wakainama kidogo.

"Huyu hapa!" akasema mmoja, ameshika ufa.

"Naona bawa," akasema Bi Meya.

"Bawa gani, huo ni mkia," akasema Bi Kreszenz. "Mimi namjua kuku huyu tangu niko msichana."

Bi Gundula akanitazama. Volkmar naye akanitazama, akaitazama saa yake — saa tisa kasoro ishirini.

"Hakuna kuku," nikasema. "Nilimtunga. Na Lienhard. Na jogoo. Mnisamehe."

Nilidhani paa litaanguka. Bi Kreszenz ndiye aliyeanguka — nusu, Volkmar akamdaka. "Wewe fundi viatu," akaniambia, "miaka sabini nimeishi na kuku huyu, leo unaniambia hayupo? Labda wewe ndiye huoni!" Wengine wakaanza kubishana. Watatu bado walikuwa wanamwona. Volkmar akatangaza kwamba hata hivyo biskuti zipo, zimeshikika, na mtu mwenye mashaka anaweza kumtafuna kuku mwenyewe chini pale. Nikampenda sana wakati ule.

Halafu ikawa wakati wa kushuka.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kunisimulia: kupanda unautazama ukuta, kushuka unautazama utupu. Niliweka mguu mlangoni mara moja, nikaurudisha. Mara ya pili sikuuweka. Volkmar akatoka mbele, mweupe kama unga wake, akasema kwa sauti kubwa, "Nifuateni mimi, mwenye magoti mazima!" na akawashusha wote, kidato kwa kidato, huku anahesabu. Mtu ambaye mpaka leo hakuwa amepanda tangu darasa la tatu.

Bi Meya alibaki nyuma kidogo. Mwanamke mwema, lakini ni meya.

"Umewapandisha, nimeona," akasema. "Lakini bima inataka mtu anayepanda na kushuka. Mlango unafungwa saa kumi na mbili. Ukiufunga kwa mkono wako, saa kumi na mbili, umesimama kwa miguu yako, ufunguo ni wako, na mambo ya kuku tutayazungumza kikaoni. La sivyo..." Akaelekeza kidole chini, sauti ya Volkmar ilikokuwa inafika arobaini na tisa.

Zimepita saa mbili. Mimi nimekaa sakafuni, mgongo ukutani. Bi Gundula amekaa ng'ambo, chini ya dirisha, amevua viatu na kuviweka sambamba. Tumekula biskuti nne za kuku ambazo Volkmar alizipandisha mwenyewe kwa mara ya pili, akaziacha mlangoni bila kuingia. Tumezungumza habari za mume wake aliyekuwa fundi wa vinanda vya kanisa, za mbwa mwenye utepe, za kwa nini mtu wa Lübeck anakuja kuishi mahali ambapo watu wanapewa divai ikiwa haijakomaa. Amenionyesha kile kitu kilichochorwa vizuri sana. Kweli kimechorwa vizuri sana.

Kila baada ya dakika kumi ananiuliza, bila kunisukuma: "Bado miguu?"

Nami najibu: "Bado."

Sasa lililotokea kweli. Miguu ilirudi zamani. Ilirudi saa kumi kasorobo, nilipokwenda dirishani kuangalia paa za mji na nikajikuta naziangalia. Ngoma ilikuwa imenyamaza bila hata kuaga. Nilisogea mpaka mlangoni, nikachungulia chini, nikaona ni ngazi tu, mbaya, ya mbao, inayohitaji misumari. Kisha nikarudi, nikakaa chini, nikashika ukuta.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Ameuliza tena.

"Bado miguu, Ottmar?" Ni mara ya kwanza hajasema Bwana Zeitler.

"Bado kidogo," nimesema.

Amenitazama miguu, mmoja, halafu mwingine. Amevivuta viatu vyake karibu, lakini hajavivaa.